Kanuni ya Nne

Simu ile ilipofika nyumbani kwa Sharifu, mkewe Salama aliipa jina siku hiyohiyo: Mke Mwenza. Alisema haiwezekani kitu chenye sauti ya kike kining'inie kifuani kwa mumewe kutwa nzima, kikimsemesha, halafu yeye aambiwe eti ni kifaa cha utafiti. Sharifu alicheka hadi akapaliwa. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na surua ilimpofusha akiwa na miaka sita, kwa hiyo mambo ya sura hakuyajua sana. Lakini sauti alizijua, na hii alikubali ilikuwa ya mwanamke ambaye hajawahi kupanda mlima wa Ubiri hata siku moja. Haikuhema kabisa.

Ilifanya kazi hivi: simu inavaliwa shingoni kwa kamba, kamera ikitazama mbele. Ukiigonga mara mbili, inapiga picha ya kilichopo na kukueleza kwa Kiswahili. Watafiti walitoka chuo kimoja cha Dar es Salaam, wakaamua kuijaribu Lushoto kwa sababu huku milimani wasioona waliopitia shule ni wengi, na mahali pa kujikwaa ni pengi zaidi. Nayo ilisaidia, tusiionee. Ilimwambia Sharifu kwamba mbele yake kuna mbuzi aliyefungwa kamba, kwamba ngazi za udongo zimemomonyoka kwa mvua, kwamba chupa aliyoishika ni ya dawa ya mifugo wala si ya kikohozi. Kwa hilo la mwisho peke yake, Salama alisema, Mke Mwenza apewe chumba.

Sharifu aliionea fahari kuliko mtu anavyoonea fahari kitu alichopewa tu, maana na yeye alikuwa na mkono wake ndani.

Mwaka mmoja kabla, watafiti waliwaita watu sita wasioona kwenye ukumbi mmoja mjini Lushoto wawe washauri. Walikuwapo pia vijana ishirini waliopewa kazi ya kutazama picha za watu, masoko na mashamba ya huku, na kuandika maelezo ya kila picha. Mashine ingejifunza kueleza kutoka kwa maelezo yao. Dina, mtafiti kijana aliyesimamia kazi hiyo, mtoto wa Tanga mjini, mpole wa kusema na mwepesi wa kuandika, aliwaomba vijana wasome mifano michache kwa sauti.

Kijana mmoja akasoma: "Mzee kipofu. Macho yake ni meupe na yamevimba. Shati lake limechanika kwapani. Mdomo uko wazi."

Picha ile ilipigwa asubuhi hiyohiyo pale mlangoni, na mwenye shati lililochanika hakuhitaji kuambiwa ni nani. Sharifu alisikia joto likipanda shingoni. Miaka hamsini na kitu alisalimiwa, akakaribishwa, akaulizwa habari za nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba macho yake yamevimba. Alisimama, akashika kiti cha mbele yake.

"Wanangu," alisema, "sisi tutakwenda na chombo hiki barabarani, msikitini, misibani. Kitatutajia majirani zetu. Mnataka kitutajie nani chongo, nani kibogoyo, nani kaisha? Mtu hasemwi hivyo. Ukimkuta mgonjwa unamwambia naona leo umeamka vizuri. Ndivyo tulivyolelewa. Andikeni vile mngesema mwenyewe akiwa mbele yenu."

Ukumbi ulipiga makofi. Washauri wenzake watano walisema wametolewa maneno mdomoni. Dina aliandika hapo hapo, iwe kanuni ya nne: mtu aelezwe kama angeelezwa mbele yake mwenyewe. Yule kijana alikuja kuomba radhi, Sharifu akamshika mkono na kumwambia yaishe. Alirudi Ubiri siku hiyo akitembea kama aliyeozesha binti.

Vijana wakaandika maelezo elfu sita, yote yenye adabu. Mashine ikayasoma, kisha ikatunga yenyewe mengine elfu sitini kwa kuyaiga, nayo ikajifundisha kwa hayo.

Mwaka uliofuata mipeasi ilizaa vibaya sana, maana yake ilizaa kupita kiasi, na matawi yakaanza kuvunjika. Sharifu alikuwa na miti kumi na miwili chini ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kuchambua: peasi moja moja mkononi, hii ya leo, hii ya keshokutwa, hii imeoza ndani ingawa nje ni nzima. Hakukosea. Wanunuzi wa Mombo walizoea kusema kreti iliyopita mikononi mwa Sharifu haifunguliwi kukaguliwa. Salama ndiye aliyebeba kuteremsha barabarani.

Ilikuwa katikati ya mavuno Sharifu alipoanza kusikia bangili. Salama alivaa mbili mkono wa kushoto, na kwa miaka yote ya ndoa zilimbana, hazikuwa na sauti. Sasa ziligongana kila alipoinua mkono. Halafu akasikia hatua zake kwenye ngazi: alipumzika mara mbili mahali ambapo zamani hakupumzika. Alimsikia alfajiri akijikuna, kucha zikipita kwenye ngozi taratibu, kwa kujificha. Alipomshika bega, bega lilikuwa dogo.

"Mama Rukia, unaumwa?"

"Sijambo mimi."

"Umekonda."

"Nimefunga siku zangu za Ramadhani nilizokuwa nadaiwa, na mapeasi haya. Nani hakondi?"

Akamuuliza jirani yao, Bi Hadija, aliyekuwa akija kila asubuhi kuomba moto au kuleta habari. "Shemeji, hebu niambie ukweli. Mwenzako unamwonaje?"

Bi Hadija alimwona Salama vizuri kabisa. Alikuwa amekwisha kumwona kwa majuma mawili, na nyumbani kwake alikuwa akimlilia. Lakini Salama alikuwa amesimama palepale, kikapu mkononi, akimtazama. "Mbona hajambo, shemeji," alisema Bi Hadija. "Uchovu tu. Naona leo ameamka vizuri."

Basi Sharifu akafikiri habari ya simu. Yeye mwenyewe aliona ni kama kumpeleleza mkewe, na alisita siku nzima. Asubuhi iliyofuata Salama aliposimama mlangoni akifunga kanga, jua likiwa limeingia, Sharifu aligeuza kifua upande ule na kugonga mara mbili.

"Mwanamke wa makamo amesimama mlangoni," ilisema simu. "Amevaa kanga nyekundu na ushungi mweupe. Anatabasamu. Anaonekana mwenye afya njema."

Salama alisikia. Sharifu alidhani amemkasirisha. Kisha zile bangili zikasogea karibu, na mkono wake ukamgusa shavuni, mkavu na wenye joto.

"Umesikia mwenyewe, Baba Rukia," alisema. "Mke Mwenza kasema."

Na hapa ndipo mtu anapotamani kumkamata Sharifu mabega na kumtikisa. Mtu aliyejua peasi iliyooza ndani kwa kuishika tu, ameshika bega la mkewe, amesikia pumzi yake na kucha zake, ameyajua yote kwa mikono isiyokosea. Na bado sauti iliposema mzima, aliona mikono yake ndiyo iliyozeeka. Alifurahi. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye ndilo lililomuuma kuliko yote. Alifurahi, akanywa chai vikombe viwili.

Akawa anagonga kila asubuhi. Kwa majuma matano simu ilibadilisha kanga, ya njano, ya bluu, nyekundu tena. Afya haikuibadilisha.

Binti yao Rukia, aliyeolewa Muheza, alipanda milimani mavuno yalipokuwa yanaisha, na mfuko wa machungwa kichwani. Hakuwa amefika tangu mwaka uliopita. Alikuwa akizungumza na mama yake kwa simu tu, na kwa simu Salama alikuwa hajambo siku zote. Sharifu alikuwa uani na kreti zake. Alisikia hodi ya binti yake, akasikia Salama akiitika kutoka ndani na kutokea mlangoni. Kisha akasikia machungwa yakianguka na kuporomoka ngazini, moja baada ya jingine, na hakuna aliyeyafuata.

"Mama! Macho yako yamekuwaje?"

"Shikamoo kwanza," alisema Salama.

"Mama, umekuwa wa njano! Baba! Baba uko wapi? Mama amekuwa wa njano, macho, viganja, kila mahali! Mnakaa naye tu hapa? Amebaki mifupa!"

Sharifu alisimama. Hakujua afanye nini na mikono yake, ikagonga simu mara mbili.

"Wanawake wawili wamekumbatiana mbele ya nyumba," ilisema. "Wanaonekana wenye furaha."

Alikuwa akiwasikia wote wawili wakilia. Akaivua ile kamba shingoni, akaiweka simu juu ya kreti, akaenda kwa mkewe akipapasa ukuta.

Walishuka naye hospitali jioni ileile, na kutoka hapo wakapelekwa Tanga. Kulikuwa na uvimbe kwenye kongosho, umebana njia ya nyongo, na ulikuwa umeshafika kwenye ini. Daktari alieleza polepole, kwa heshima, akimwita Sharifu mzee wangu. Alisema wangemleta mapema kidogo, na hapo akaacha.

"Mapema lini?" aliuliza Sharifu.

"Mzee wangu, haya ni mapenzi ya Mungu."

"Najua. Nauliza lini."

Daktari akavuta pumzi. "Mwezi mmoja nyuma. Mwezi na nusu. Tungejaribu kumpasua. Sisemi angepona, lakini tungejaribu."

Walipewa dawa za maumivu na maelekezo ya kuzitumia, wakarudi Ubiri. Njiani Salama aliegemea bega la mumewe, na kwenye kona za barabara ya Soni alianza kusema bila kuulizwa.

"Niliona kwenye kioo kabla hujaniuliza," alisema. "Niliogopa. Nikasema peasi ziishe, halafu nitakwenda. Siku uliponigeuzia simu nilijua nimekamatwa. Nikasimama kabisa nionekane. Na yenyewe ikasema mzima." Gari likapanda. "Nikajiambia labda kioo kinaona vibaya. Mtu akitaka kuamini, Baba Rukia, anaamini."

Sharifu alikuwa akihesabu majuma, na kila alipohesabu yalikuwa matano.

Dina alikuja juma lililofuata. Alipewa habari na Rukia, kwa simu, kwa maneno ambayo Rukia hakuyapaka asali. Alipofika mlangoni hakuweza kupiga hodi ikasikika vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Hakukaa. Alianza kueleza, na alieleza kama mtu anayekiri kosa kituoni. Alisema wamekwenda kutazama. Katika maelezo yote, yale elfu sita ya vijana na elfu sitini yaliyotungwa na mashine, hakuna hata moja linalosema mtu anaumwa. Hakuna aliyekonda, hakuna anayelia. Zilikuwapo picha za wagonjwa, vijana waliziona, wakaandika amepumzika. Wakaandika anatabasamu. "Mashine haina neno hilo, mzee," alisema. "Ikiona sura ya mtu, inalojua kusema ni afya njema. Hatukuifundisha lingine. Ni kosa letu."

"Kosa langu," alisema Sharifu.

"Hapana, mzee."

"Dina, usinifanyie adabu. Nani alisimama pale ukumbini? Niliona haya kwa ajili ya shati, mwanangu. Shati! Nikasema maneno mazuri, nikapigiwa makofi, na maneno yale ndiyo yaliyokuwa yakinijibu kila asubuhi hapo mlangoni. Nilikuwa najiuliza na kujijibu mwenyewe." "Iondoeni hiyo kanuni."

Dina alikaa sasa, kwenye kigoda. Alisema amekwisha kuwauliza wale washauri wengine watano. Mmoja amekubali. Wanne wamekataa kabisa. Wamesema hawataki chombo cha kuwasimanga watu, na wamekumbusha maneno ya Mzee Sharifu, wanayajua kwa moyo. Kikao cha kuamua ni Alhamisi. Kanuni ikibaki, simu mia tatu zitatolewa wilayani hivyohivyo zilivyo. "Wataniuliza, kwani tuelezeje? Tumtukane mgonjwa? Nitawapa mfano gani?"

"Mfano uko chumbani," alisema Sharifu.

Akasikia alichokisema. Hakuwa amemwomba ruhusa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na Salama alikuwa macho, kwani kitanda kililia. Bi Hadija, aliyekuwa amekaa naye, alisema, "Jamani, mwacheni mama wa watu apumzike."

"Niinueni," alisema Salama.

Wakaingia. Rukia na Bi Hadija walimwinua, wakamwekea mito mgongoni. Bi Hadija alitaka kumfunika ushungi vizuri, kumvuta kanga ifike shingoni, Salama akamsukuma mkono. Sharifu alikaa miguuni pa kitanda. Dina alipiga picha moja, akashusha simu.

"Haya, eleza," Sharifu alimwambia. "Kama angekuwa hayupo."

"Mama wa makamo," alianza Dina. "Amekaa kitandani. Amejifunika blanketi la kijivu. Ame..." Akaitazama picha tena. "Amepumzika."

"Hajapumzika."

"Anaendelea vizuri," alisema Bi Hadija haraka, na hapohapo akaangua kilio, akatoka na upande wa kanga mdomoni.

Dina alijaribu tena, na mara hii hakufika hata kwenye blanketi. Alikuwa binti aliyelelewa. Kumtazama mama mtu mzima kama huyu machoni na kumsomea alivyo, hakuweza, na hakuna aliyemlaumu.

"Lete hiyo picha nijione," alisema Salama.

Aliishika mwenyewe kwa mikono miwili. Alitazama muda mrefu. Sharifu alisikia bangili zikiteremka hadi kwenye kiwiko.

"Andika, mwanangu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. "Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu. Macho ya njano. Ngozi ya njano. Mashavu yameingia ndani, meno yanaonekana makubwa. Mifupa ya shingo imetoka. Mikono ina alama za kucha, amejikuna mpaka damu. Tumbo limejaa." Alipumzika. "Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

Sharifu alikuwa hajawahi kuambiwa sura ya mkewe. Miaka thelathini na moja aliijua kwa vidole, na alipouliza watu walimwambia mzuri, basi. Sasa aliiona yote kwa mara moja, na ilikuwa hii. Alitaka kusema basi inatosha. Hakusema.

"Miguuni amekaa mumewe," aliendelea Salama. "Ameshika unyayo wa mkewe juu ya blanketi, ameubana sana. Analia. Hafuti machozi, anadhani kwa kuwa hatoi sauti hatuyaoni."

Rukia aligeukia ukutani. Nje, Bi Hadija alikuwa bado analia.

Dina aliandika. Baada ya muda aliuliza, kwa unyenyekevu kabisa, maana kazi ni kazi na sentensi ilihitaji kumaliziwa: "Mwishoni niseme anaonekana mgonjwa, mama?"

"Andika ni mgonjwa, apelekwe hospitali leo," alisema Salama. "Ukiandika anaonekana, kuna mtu atakunywa chai kwanza."

Sharifu alisikia kidole cha Dina kikifuta neno kwenye kioo cha simu, kisha kikaandika tena mpaka mwisho.